Mkono wa Ndileka

Amri ya kufunga biashara kwa ajili ya korona ilipotangazwa Afrika Kusini, Zoleka alifunga saluni yake ya mtaa wa Mdantsane siku ileile bila kunung'unika. Baba yake alikuwa amerudi kutoka migodini na mapafu yaliyochoka; mafua tu yalimlaza wiki nzima. Korona ingemmaliza. Basi wakajifungia ndani, wakila ugali na maharage kwa pensheni ya mzee.

Mwezi wa pili wa kujifungia, mteja wake Mama Nokwakha akapita barabarani, barakoa usoni, kichwa kimesukwa kinang'aa. Zoleka alimtazama kutoka dirishani, moyo ukamlipuka. Mistari ile iliyozunguka sikio ikakutana kisogoni aliibuni yeye mwenyewe, na alimfundisha mtu mmoja tu: Ndileka, msusi aliyemwajiri kwa miaka sita.

Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa vichwa vya watu. Jumapili aliona vinne vilivyosukwa vilevile. Jumatatu viwili, vyote vya wateja wake.

Akamfuata Ndileka, akasimama nje ya uzio.

"Kumbe mwenzangu unasuka!"

"Nasuka, dada. Nawafuata majumbani."

"Na ugonjwa je? Si unautoa kichwa hiki unaupeleka kile?"

"Navaa barakoa, nanawa. Nina watoto watatu, dada. Niwaambie wasile mpaka serikali ifungue?"

"Mbona mimi nimefunga?"

"Wewe una pensheni ya mzee."

Zoleka aligeuka akarudi nyumbani. Alipowapigia simu polisi alijiambia ni kwa ajili ya wagonjwa. Lakini gari liliposimama kwa Ndileka, vitana na nywele za bandia vikatupwa ndani, hakumfikiria mgonjwa hata mmoja. Alifurahi.

"Ni wewe?" baba yake akamuuliza.

Zoleka akavuta pazia la dirisha.

"Kufunga ulifanya vema, mwanangu. Hili lingine, mimi simo."

Juni saluni zikaruhusiwa. Zoleka alipaka kuta rangi, akatenganisha viti, akaweka dawa ya mikono mlangoni. Siku ya kwanza walikuja wawili. Wengine walivuka barabara kwenda kwa Ndileka, aliyekuwa amepanga kibanda mkabala naye.

"Mama, umenisahau?" Zoleka alimwita Nokwakha aliyekuwa akipita.

"Nikusahau wapi! Ulimhofia baba yako, nani atakulaumu? Lakini kumwitia polisi mtu mwenye njaa, Zoleka!" Akavuka.

Mzee akajikokota akaketi kwenye kiti kitupu. "Haya, ninyoe. Kichwa kimekuwa msitu."

Alimnyoa taratibu, akisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka. Mtaa ule ulikwishazika wazee watatu, na wake alikuwa hapa, analalamika kuwa mashine ina moto. Zoleka alimshukuru Mungu, kwa dhati kabisa. Na bado, kila kicheko kilipotoka ng'ambo, mkono wake ulisita, akachungulia kuona ni nani anayesukwa.