Tundu Walilomwomba Alifiche

Pale zahanati tulimwita Mama Foleni, kwa sababu hata daktari akimleta mkewe, mbele ya meza yake ya mapokezi alisubiri zamu. Mimi nilikuwa dirisha la dawa, jirani yake, na utani wetu haukuisha.

Siku moja alikosea tarakimu moja akiandika namba ya mgonjwa kwenye kompyuta. Badala ya kukataliwa, akafunguliwa faili la mtu wa zahanati nyingine kabisa: jina, ugonjwa, dawa. Akajaribu namba nyingine, na faili jingine likafunguka.

"Njoo uone," akaniita. "Nyumba hii haina mlango!"

Akawaandikia watengenezaji wa programu ile. Wakamjibu kwa maneno ya asali: ahsante sana dada, ila usimwambie mtu mpaka tuzibe tundu hilo, wahalifu wasije wakasikia. Naye ni mtu wa neno lake. Akaniapisha na mimi. Hata mdogo wake wa tumbo moja hakumwambia, na mdogo wake alikuwa akitibiwa hapohapo maradhi ambayo wakwe zake hawakuyajua.

Tukangoja. Kila akiuliza, anaambiwa linashughulikiwa. Kumbe hospitali kubwa, wateja wao wanono, walishazibiwa zamani. Sisi makabwela tukaachwa wazi. Fundi wa kampuni ile ndiye aliyeropoka, akidhani tunajua.

Wakati huo mafaili ya wagonjwa wetu yalikuwa yameshaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Kampuni ikatangaza kwamba haikuwahi kusikia habari ya tundu lolote, ila kuna mfanyakazi wa mapokezi wa zahanati yetu aliyechungulia mafaili bila ruhusa. Hawakusikia, lakini wanamjua aliyechungulia! Si yeye mwenyewe aliyewaambia? Shukrani ya punda ni mateke. Mama Foleni akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Nilikuwa namsaidia kukusanya vitu vyake mdogo wake alipoingia na begi la nguo. Wakwe walikuwa wameshalisoma faili lake.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua, mdogo wangu. Waliniomba ninyamaze, wazibe kwanza."

"Ungenidokeza tu, ningewaambia mwenyewe nyumbani, kwa mdomo wangu."

"Niliwaamini."

"Watu hujawaona hata sura," mdogo wake akasema, machozi yakimtoka. "Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja."

Akabeba begi lake, akaenda kulala kwa shoga yake.