Udongo wa Shimo la Mzinga

Asubuhi tuliyoondoka Nyamwaga mimi na bibi, baba zangu wadogo walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi kando ya migomba. Niliwaomba wangoje kwanza turudi.

"Msomi anaogopa hata shimo," mmoja akasema, akatema mate viganjani, akaendelea kuchimba.

Kweli niliogopa. Kwetu kaburi lililochimbwa halilali wazi. Na tangu nimalize chuo nikakaa nyumbani bila kazi, wazo likiniingia haliniachi. Je, tukikosa?

Tuliyetaka kumzika ni mtoto wa kwanza wa bibi, kaka mkubwa wa baba yangu. Wakati wa vita vya Uganda alikuwa askari. Kabla ya kupelekwa mbele alilinda bandari ya Musoma, kwenye shimo la mzinga wa kutungulia ndege, na humo humo akilala. Bibi alimfuata mara moja, akampelekea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Baada ya hapo ilikuja habari ya kifo, bila mwili. Katika ukoo wetu mtu wa namna hiyo huzikwa kwa udongo wa mahali alipoonwa na ndugu mara ya mwisho. Bibi aliahirisha miaka yote akisema labda atarudi. Mwaka huu miguu ilianza kumvimba, akaacha kusema labda.

"Shimo lile nililiona mimi peke yangu," aliniambia. "Nikifa, nani atawaonyesha?"

Akakibeba kibuyu kile kile cha kuletea udongo.

Bandarini tulipokewa na mlinzi, kijana wa umri wangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shimo la mzinga mmeliweka wapi?"

Mlinzi alinitazama kana kwamba nimemleta mgonjwa. "Mizinga? Hapa sijawahi kuisikia. Labda ni bandari nyingine, bibi."

"Musoma ina bandari ngapi, mwanangu?"

Akacheka kidogo, akatupisha.

Bibi alikuwa na alama zake: jiwe lenye mgongo kama kiboko, magunia ya mchanga yaliyopangwa mduara, handaki la kukimbilia ndege zikija. Tulikuta zege, kuanzia ukuta hadi majini. Alisimama akasema, "Hapa." Akasogea. "Hapana, pale." Akarudi. Kila aliposimama nami nilisimama, nikijiuliza: akikosea kwa hatua chache, je, tutakuwa tumemzika mtu mwingine? Mwishowe fimbo yake ikagonga zege mara mbili, taratibu, kama anayebisha hodi.

Pembeni mwa ukuta niliona udongo mwekundu. Nikachota. "Bibi, huu je?"

"Hicho ni kifusi," mlinzi alisema, bila ubaya. "Kililetwa na malori, cha kujazia."

Bibi aliuchukua, akaunusa, akaumwaga. "Huu hata haujamwona."

Njiani kurudi nilikipakata kibuyu kitupu. Niliwaza ningechota popote bila yeye kuona, ili tu apate kuzika. Halafu nikawaza angenusa tena.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Wazee wa ukoo wamekaa, majembe yamelazwa ukingoni mwa kaburi. Walituona, wakaona kibuyu ni kitupu. Yule mdogo wa baba aliyenicheka asubuhi alisema kwa sauti ya chini, "Mama, tukate mgomba tuuweke badala yake. Wengine hufanya hivyo."

"Mwanangu si mgomba."

"Sasa tufanyeje? Haliwezi kulala wazi."

"Lifukieni."

"Na ndani?"

Bibi alitazama kibuyu mikononi mwangu. Sote tulitazama. Nilikinyoosha kwake, nikidhani ndicho atakachoweka. Alikichukua, akakikumbatia, akatikisa kichwa.

"Hiki alikinywea," akasema. "Fukieni hivyo hivyo. Tuta msiweke. Hayumo."

Walifukia, udongo wa hapo ukirudi hapo. Hakuna aliyelia, maana hatukujua kama huo ni msiba. Bibi aliingia ndani, na tangu siku hiyo hatoki ila akishikwa mkono. Kibuyu kiko kwenye msumari wake, juu ya kitanda.

Baadaye mvua ilinyesha, ardhi ikakaa sawa. Magugu yameota. Nikienda kukata ndizi huwa nasimama kutafuta kaburi lilipokuwa. Nasema, hapa. Kisha nasogea.