Jina Nililompa Mnyama wa Ngao

Hebu wewe unayejua Kiswahili, niambie: Wolf ni mnyama gani? Usikimbilie kamusi, wala usiniletee mbwa mwitu wa kwenye Biblia. Nataka ujibu kama nilivyojibu mimi, papo hapo, watu wazima wamekuzunguka wanakutazama mdomo. Umekwama? Mimi sikukwama. Nilijibu upesi, na jibu langu likamuua bibi yangu.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kabla ya vita hii iliyokwisha, tulikaa kijiji cha Ruanda, huku kwetu Mbozi, ubavuni mwa shamba la kahawa la Mjerumani mmoja. Watu walimwita Bwana Ndevu. Mkewe tulimwita Mama Hilda, ingawa hakuwa na mtoto. Hilda lilikuwa jina lake mwenyewe, na umama tulimpa kwa adabu tu. Bibi Sekela, mama yake baba yangu, alifanya kazi jikoni kwake: kumenya viazi, kuosha vyombo, kupalilia kabichi. Mimi nilikwenda kila siku nikitoka shule ya misheni, nikawa mkalimani wao. Mama Hilda alikuwa na Kiswahili cha jikoni, kisicho na ngeli wala huruma. Bibi alikuwa na Kinyiha, na Kiswahili cha kusikiasikia. Kijerumani changu cha kuokoteza kilikaa katikati yao kama kigoda.

Siku moja ya baridi, ukungu umelala mpaka mlangoni, Mama Hilda alichukua ubao wa mninga uliokatwa umbo la ngao, akaanza kuupaka rangi. Kwanza manjano kote. Halafu katikati akachora mnyama mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mdomo wazi, ulimi mwekundu nje. Chini ya miguu yake akaweka kengele.

"Hebu mwulize," Bibi akaniambia, macho kwenye viazi, "huyo mbwa wake amelamba pilipili?"

Nikauliza. Mama Hilda alicheka mpaka brashi ikadondosha rangi kwenye aproni. "Hapana mbwa! Wolf! Hii Wappen. Nembo ya kijiji yangu."

Akanieleza, nusu Kijerumani, nusu jikoni. Kijiji chao kilikuwa nyumba kama arobaini na kanisa, bondeni, watu wa viazi na nguruwe. Zamani za mababu ilikuja vita ya miaka mingi. Wanaume wakaisha, baridi ikaingia, na Wolf wakashuka kutoka msituni. Walichukua kondoo, kisha watoto, kisha wakafukua makaburi. Mwisho watu waligonga kengele, wakakusanyana, wakamuua Wolf mkubwa mlangoni pa kanisa. Tangu siku hiyo kijiji kikamweka kwenye ngao yake. Kwao, alisema, hata kijiji kidogo kama kambi ya wachuma kahawa kina ngao na alama yake. Hawa gurudumu la kinu, wale jembe la farasi, wengine nguruwe.

"Sasa yeye linda sisi," akamaliza, akipuliza rangi ikauke.

Nilimtafsiria Bibi yote isipokuwa jina la mnyama, maana sikuwa nalo.

"Ndiyo mnyama gani sasa?"

"Sijui, Bibi."

"Basi baki na sijui yako. Usimpe jina mnyama ambaye hujamwona akinywa maji. Jina likishatoka linaota miguu."

Nilidhani ni maneno ya wazee ya kusindikizia ugoro.

Ngao ikatundikwa juu ya lango la shamba. Kesho yake wachumaji walisimama chini yake na vikapu vyao, wanabishana. Mmoja akasema mbweha. Mwingine akadakia, "Mbweha gani ana kifua kama cha nyapara?" Wakacheka, na nyapara mwenyewe, Yohana, akacheka nao. Alikuwa mtu mpole siku zile. Akanishika bega. "Wewe karani wa Mama Hilda, tuambie. Si umesoma wewe?"

Umesoma wewe! Hayo maneno ni pombe. Nilipiga hesabu yangu ya haraka: anakula kondoo, anachukua watoto, anafukua makaburi. Mbozi nzima kuna nani mwingine?

"Fisi," nikasema. "Ni fisi wa kwao. Anawalinda."

Kicheko kikakatika. Kwetu hakuna anayefuga fisi kwa wema. Fisi ni punda wa mchawi. Anampanda, anamtia alama yake, anamtuma. Sasa palikuwa na Mzungu aliyemchora fisi wake akamweka mlangoni, mchana kweupe, na alama juu.

Mwezi haukwisha, surua ikaingia kambini. Ilichukua watoto wa wachumaji mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mahindi. Yohana alizika wawili katika wiki moja: Esta, na mdogo wake Yeremia, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Ilikuwa kiangazi, ardhi ngumu, na wachimbaji wenyewe walikuwa na wagonjwa nyumbani. Makaburi yakatoka mafupi. Fisi wa kweli wakaja wakafukua. Asubuhi Yohana aliikuta nguo ya Esta kwenye mistari ya kahawa. Hakuwa mpole tena tangu siku hiyo, na kwa hilo peke yake siwezi kumlaumu.

Mzungu alikuwa hagusiki, kwa hiyo watu wakamtafuta anayegusika. Nani anaingia kwa Mzungu kila siku? Nani anatoka jioni na mifupa kwenye kikapu? Bibi aliomba mifupa ya jikoni ili tupate mchuzi. Tuliinyonya mpaka ikang'aa. Kambini wakasema ni chakula cha fisi wa langoni.

Niliposikia, nilikimbia kwa Mama Hilda nikamwuliza kama Wolf na fisi ni kitu kimoja. Akaleta kitabu cha picha. "Nein, nein! Fisi ingine kabisa. Wolf baba ya mbwa. Hapa Afrika hapana."

Kwa hiyo nilijua. Siku tatu kabla Bibi hajafa, nilijua. Sikumwambia mtu, kwa sababu yule mtoto aliyesoma angeonekana mwongo, na Yohana alitembea na kiboko.

Mganga aliletwa kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Rhodesia, na mwavi wake, ile sumu ya kupimia wachawi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, Wazungu wamekwenda misheni. Wazee tisa waliketi kwenye magogo uwanjani kwa jumbe. Bibi alishikwa njiani akienda kanisani. Alikuwa amevaa kaniki yake safi. Baba yangu alikuwa migodini, Copperbelt. Mama alishikwa mikono na wanawake wawili aliozoea kuchota nao maji.

"Mama, watu wanalia," jumbe akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, jambo linalonichefua mpaka leo. "Kunywa, tuone. Moyo ukiwa safi utautapika mwavi, nawe uende zako."

"Jumbe, wake zako wawili nimewazalisha mimi. Leo ndiyo nafuga fisi?"

"Mzungu ndiye anayefuga," Yohana akasema. "Wewe unalisha. Na aliyesema ni mjukuu wako mwenyewe."

Wakanisukuma mbele.

"Mnyama wa langoni ni nani?" jumbe akaniuliza.

Nilimtazama Yohana. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Neno "sijui" lilikuwepo mdomoni, jepesi, silabi tatu tu. Hata "si fisi" lilikuwepo.

"Fisi," nikasema.

Bibi hakunikemea. Alinitazama kama anavyotazama mtoto aliyeanguka, akitafuta palipoumia. "Mwacheni huyo," akasema. "Leteni hiyo kata yenu. Nimeacha maharage motoni."

Alikunywa yote. Wakamwamuru azunguke uwanja. Alizunguka mara ya kwanza akiwa wima. Mara ya pili alijitia vidole kooni, hakuna kilichotoka. Mara ya tatu magoti yalikataa. Alimwita Babu, aliyekufa zamani, kwa jina la ujana ambalo sikuwahi kulisikia, na baada ya hapo hakusema tena.

Hatukuruhusiwa kumlilia. Walimtia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama muhanga mpakani mwa shamba, bila shuka. Mwaka uliofuata shamba likapanuliwa, mistari ya kahawa ikapita juu yake. Surua nayo, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba mchawi amekufa, iliendelea wiki tatu zaidi.

Mchungaji alipeleka habari Boma, akaja bwana afisa na karani wake mkalimani, mtu wa soksi ndefu nyeupe. Jumbe, sifa yake nampa, alisema kweli: "Alikunywa mwavi." Karani alijua mwavi ni nini kama mimi na wewe tunavyojua. Akageuka akasema, "She took some native medicine, sir." Bwana akaandika, akafunga kitabu. Nilikuwa hatua tano kutoka pale. Kiingereza sikukijua, ila yale maneno niliyashika kama kasuku, na miaka ya baadaye darasani yakanifungukia moja moja. Native. Medicine. Dawa ya kienyeji. Kwa mujibu wa serikali, bibi yangu alikufa kwa kujitibu.

Mama Hilda aliambiwa hivyo hivyo. Alilia, akatuletea mshumaa na sukari. Vita ilipoanza, Wajerumani wakakusanywa wakapelekwa kizuizini, na askari mmoja akaipasua ile ngao kuni.

Mimi nikasoma. Nilisoma mpaka Kampala, nikarudi na karatasi yenye muhuri, nikaomba kazi ya ukalimani mahakamani. Ndiyo, ukalimani, cheka ukitaka. We regret to inform you, nikakataliwa. Mtu wa ofisini alininong'oneza kwamba barua ya mwenendo kutoka baraza la nyumbani ilikuwa na mstari mmoja: mjukuu wa mchawi wa Ruanda. Basi niko Mpemba, karibu na mpaka, kwenye duka la shemeji, napima chumvi. Wateja wa ng'ambo wananisalimu, "Mwapoleni, ba-graduate!" Napokea salamu, napima.

Mwaka jana nilimwandikia Mama Hilda kwa anwani ya kijiji chake. Nilimweleza yote, hata lile la siku tatu, nikamwomba historia ya ile ngao, historia nzima. Alijibu kwa Kiswahili kile kile:

"Mtoto, ile siku mimi hapana sema wewe yote. Mimi ona haya. Kabla kuua Wolf, watu ya kijiji kamata mwanamke mzee. Sema yeye tuma Wolf. Choma yeye moto. Wolf iko bado. Halafu ua Wolf, weka kwa ngao. Jina ya mwanamke hapana mtu jua."

Mambo haya tulifundishwa ni giza letu sisi peke yetu, na wao ndio walioleta taa. Ningeweza kuipeperusha barua hii mbele ya kila mmisionari. Lakini haikunifurahisha. Nilikaa nayo kaunta, nikifikiri: kijiji kizima kimemtunza mnyama, rangi, ulimi, kengele, mpaka mtoto wao akiwa Afrika anaweza kumchora kwa kichwa. Mwanamke hakupata hata jina. Nao walikuwa watu kama sisi, wenye makaburi mafupi na hofu, na labda mahali fulani palikuwepo mtoto aliyeulizwa swali.

Mwavi haukuwa wangu. Neno lilikuwa langu, na nililirudia nikijua. Hilo simtwishi mtu.

Ila nyinyi mnalo lenu. Wazee wa magogo, mmebaki wanne, na milango yenu naijua. Wewe jumbe. Wewe karani, ambaye siku hizi umo barazani na unaitwa mheshimiwa. Wewe Yohana, uliyewazika watoto wako kwa majina yao. Na nyinyi wa Boma wenye kitabu. Ng'ombe wa fidia sitaki. Fungueni kitabu, palipoandikwa medicine paandikwe mwavi, na jina lake liandikwe: Sekela, mkunga, mshirika wa kanisa. Simameni barazani mseme hakuwa mchawi. Mimi nitasimama wa kwanza, niseme nilichojua. Kisha tung'oe ile mibuni, mstari ninaujua, tumtoe shimoni tumlaze kando ya mumewe, na mama yangu alie kwa sauti.

Msiniambie ni mambo ya zamani. Nitajieni siku.