Ufa Ndani ya Mkia

Mwaka 1938 karakana yetu kando ya mto Creuse, Ufaransa, ilikuwa ikiunda ndege ya kufundishia marubani wa jeshi. Mwili wake ulikuwa wa mbao uliovishwa kitani, na kitani hicho tulikishona sisi wanawake sita. Kiongozi wetu alikuwa Honorine Lagarrigue, mjane ambaye mumewe aliuawa katika vita ile ya kwanza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Hata mkate na jibini alikula amesimama.

Kila ndege iliporudi kutoka majaribioni, Honorine aliupapasa mkia. Asubuhi moja akaniita.

"Solange, hebu shika hapa."

"Pamekunjamana kidogo."

"Jana nilipakaza mwenyewe dawa ya kukaza kitani. Kuna kitu kinacheza ndani."

Akamwendea msimamizi, Bwana Pradel. Siku hiyo hakuwa akishikika, maana maofisa wa jeshi walikuwa waje alasiri kuitazama ndege ikiruka, na wakiridhika wangeagiza mia mbili.

"Mama, wahandisi wameipima wiki nzima," alisema. "Wewe unapima kwa kiganja?"

"Kiganja hiki kimeshona mbawa miaka kumi na minane."

"Basi kishone hiyo mikunjo, tuendelee na kazi!"

Honorine alirudi, akachukua mkasi, akaupasua mkia toka juu hadi chini. Pradel alipiga ukelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ndani, boriti iliyoshikilia usukani wa mkia ilikuwa na ufa wa shibiri nzima. Courtade, rubani aliyekuwa airushe alasiri ile, alichungulia, akakaa sakafuni.

Hakuna aliyemshukuru Honorine. Maofisa waliondoka wamenuna. Mkia ulibuniwa upya, ukajaribiwa upya, ikapita miezi minane. Vita ilipotangazwa Septemba iliyofuata, tulikuwa tumetoa ndege tisa tu. Wanafunzi wengi waliendelea kujifunzia ndege kuukuu, na moja ya ndege hizo ilizimika injini hewani, ikamuua Lucien, mpwa wa Pradel.

Baada ya mazishi Pradel aliingia chumba cha kushonea, macho mekundu.

"Ndege zetu zingekuwa tayari, kijana wangu angekuwa hai."

"Zingekuwa tayari na ufa ule, Bwana Pradel?"

Pradel akatoka. Lakini hata Honorine mwenyewe jibu lake halikumtuliza. Jioni ile alishona mstari mmoja, akaufumua, akaushona, akaufumua tena.

Juni ya mwaka uliofuata, Wajerumani walipokaribia, tuliamriwa kuzichoma ndege zilizobaki uwanjani. Honorine akahamia Limoges kwa dada yake, akawa anashona magodoro.

Nilimtembelea huko baada ya vita. Alinimiminia kahawa, tukazungumza habari za magoti yake na bei ya siagi. Mlangoni ndipo aliponishika mkono.

"Ningefanya vilevile, Solange. Ila yule kijana wa Pradel bado namwona. Courtade aliye hai simwoni, namwona yule."

Nikambusu mashavuni, nikashuka ngazi.