Mpishi Asiyekula

Televisheni za zamani zilikuwa na harufu yake. Zikishapata moto, vumbi lililolala mgongoni mwake lilianza kuungua polepole, likatoa harufu kama ya nywele zilizosogezwa karibu na jiko. Juzi nilikuwa nikipita kwa fundi mmoja pale Kinoru, naye amewasha lisanduku moja la enzi hizo, na harufu ikanifikia kabla sijajua inatoka wapi. Nikasimama mlangoni, mwanamke mzima na mkoba wangu na miwani yangu. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni wala tabasamu. Ilikuwa hasira. Hasira mbichi ya msichana wa miaka kumi na mmoja aliyefukuzwa mbele ya watu.

Ngojeni niwaeleze ilivyokuwa.

Nililelewa Kibirichia kwa nyanya yangu, mamake mama. Mama alichuma chai kule upande wa Runyenjes na alikuja nyumbani Krismasi na Pasaka. Kwetu kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na asubuhi ukungu ulitanda shambani hadi ukisimama kwenye mstari mmoja wa viazi huoni wa pili. Kondoo wetu wanne walilala jikoni pamoja nasi, kwa sababu ya hiyo baridi na kwa sababu ya wezi. Kila nguo niliyokuwa nayo ilinuka moshi na sufu. Mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya nguo.

Televisheni kijijini ilikuwa moja tu, kwa Mama Mwenda. Mumewe alikuwa dereva wa lori la viazi, na safari moja alirudi nayo kutoka Nairobi imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya lori. Mwenda mwenyewe, kifungua mimba, alikuwa shule ya bweni. Nyumbani alibaki dada yake mdogo, Kendi, ambaye tulikaa dawati moja darasa la tano na ambaye alikuwa rafiki yangu.

Kila Jumapili saa kumi, watu wakishatoka kanisani na kula, watoto tulijipanga mlangoni kwa Mama Mwenda. Tulivua viatu, tukanawa miguu kwenye karai, tukakaa sakafuni na kunyamaza. Watu wazima walipewa viti. Kisha televisheni ikawashwa, ikakohoa, ikaonyesha chenga kwa muda, na mchezo ukaanza.

Mchezo wenyewe ulihusu mwanamke aliyeuawa na shemeji zake ili wamnyang'anye shamba. Walimtupa kisimani. Akatoka kisimani akiwa na sura nyingine, akawa anaenda nyumba kwa nyumba kuomba kazi ya kupika. Kila nyumba aliyoingia ilikuwa ya mtu aliyeshiriki kumuua, na kila wiki mmoja wao alikwisha. Sisi tulimwita Mpishi. Hakuwa na meno marefu wala kucha. Alikuwa mama mpole mwenye kitambaa kichwani, anayekoroga sufuria na kusema, "Karibuni mezani." Ukisikia hilo neno mwili mzima unasisimka.

Watoto wengine walijifunika nyuso kwa sweta. Mimi nilisogea mbele. Wengine walitaka Mpishi akamatwe, na wiki moja kasisi alipoletwa na Biblia kumfukuza, chumba kizima kilimshangilia kasisi. Mimi nilifumba macho nikaomba Mungu kasisi ashindwe. Alishindwa. Kendi aliniangalia akanong'ona, "Kagendo, wewe si mtu."

Nilikuwa na sababu zangu. Wajomba zangu walikuwa wamemsukuma nyanya hadi kwenye kipande cha mwisho cha shamba, chenye mawe, kando ya korongo. Kila shemeji aliyeanguka kwenye kile kioo, mimi nilimpa jina la mjomba mmoja.

Halafu ikaja ile Jumapili. Mvua ilikuwa imeninyeshea njiani, na sweta langu la sufu lilikuwa limelowa. Kulikuwa na wageni: mke wa chifu, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, na wanawake wawili wa kikundi cha Mama Mwenda. Mpishi alikuwa amefika kwa shemeji mkubwa, yule aliyemfunga kamba kwa mikono yake mwenyewe kabla hawajamtupa kisimani. Sahani ilikuwa mezani. Shemeji alikuwa ameshika kijiko.

"Ngojeni kwanza," Mama Mwenda akasema, na akavuta hewa puani. "Nani ameingia hapa na kondoo?"

Watu wakageuka. Akainuka, akapita katikati yetu akinusa, hadi akafika kwangu.

"Ni wewe! Ai, mtoto, unanuka! Kwani nyanyako hana sabuni? Toka. Kaa huko nje na harufu yako, hapa kuna wageni."

Mke wa chifu alicheka. Wanawake wa kikundi walicheka. Mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyetufundisha asubuhi hiyohiyo kuhusu Msamaria, alificha mdomo kwa kitabu cha nyimbo, lakini mabega yalikuwa yakimruka. Nilitoka, miguu safi niliyonawa ikakanyaga matope. Nyuma yangu chumba kizima kikapiga kelele kwa pamoja, na sikujua shemeji amefanywa nini.

Sikulia. Nilisimama chini ya paa, maji yakinidondokea shingoni, nikajiambia: huyu naye ni wa kwangu wa kumaliza. Wajomba walikuwa mbali na walikuwa wakubwa. Mama Mwenda alikuwa karibu.

Kesho yake Kendi alinitafuta wakati wa mapumziko. Alikuwa amenifichia andazi kwenye mfuko wa sketi.

"Usimjali mama," alisema. "Alikuwa anajionyesha kwa mke wa chifu. Kaa nikuambie vile iliisha."

Akanisimulia yote, akiigiza hadi kijiko kilivyoanguka. Na tangu hapo kila Jumatatu alinisimulia, nyuma ya vyoo vya shule, bila kuruka hata kitu kimoja. Alikuwa na roho nzuri, Kendi. Nililijua hilo. Nataka mjue kwamba nililijua.

Jumatatu moja alikuja mbio. "Kumbe kuna dalili," alisema. "Mzee mmoja ameiambia familia. Ukitaka kumjua Mpishi, angalia kama anakula. Anapikia watu, anapakua, lakini yeye mwenyewe hali. Hajawahi kula hata siku moja."

Wazo liliingia kichwani mwangu limekamilika, kama mtu amenikabidhi mkononi. Nikauliza polepole, bila kumwangalia, "Na mamako?"

"Mamangu nini?"

"Umewahi kumwona akila?"

Nilimtazama Kendi akitafuta kichwani. Alirudi nyuma chakula kwa chakula, mwaka kwa mwaka, na kila mahali alimwona mamake amesimama na mwiko.

"Lazima anakula," alisema mwishowe.

"Mwambie ale na wewe leo," nikasema. "Kama ni yeye, atakuambia ameshashiba."

Kesho yake sikuhitaji kuuliza. Alikuwa amevimba macho.

Nilijisikia vizuri. Sitawadanganya. Nilijisikia kama mtu aliyelala njaa akaamkia uji mzito. Na kila siku niliongeza kidogo. Nilimwambia Mpishi huvaa sura ya mama wa mtu ili asitiliwe shaka. Nilimwambia mama yake wa kweli huenda yuko kisimani. Nilimwambia asiguse chakula chochote kinachotoka kwenye ile sufuria kubwa. Kendi, aliyekuwa akinisimulia mchezo, sasa alikuwa akinisikiliza mimi, na wangu ulikuwa wa kutisha kuliko wa televisheni.

Akaacha kula kwao. Alikunywa uji wa shule, akala nusu ya kiazi changu cha kuchemsha, basi. Sketi ikaanza kumzunguka kiunoni. Jumapili nikipita barabarani nilimwona Mama Mwenda mlangoni amesahau hata kukagua miguu ya watoto, uso umemwingia ndani. Moyoni niliimba.

Wiki ya tatu Kendi alianguka gwarideni, bendera ikipandishwa. Walimbeba hadi ofisini.

Jioni ya siku hiyo Mama Mwenda alikuja kwetu. Nyanya alikuwa anamenya viazi. Mimi nilikimbilia nyuma ya kondoo, nikijua ni kiboko. Lakini alikuja mikono mitupu, kitambaa kimemwanguka mabegani, na aliinama kuingia jikoni kwetu bila kufunika pua.

"Mama, hamjambo," alimwambia nyanya.

"Hatujambo, mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Kagendo, toka hapo. Sikuja kukupiga." Sauti yake ilikuwa ikikwaruza. "Kendi ameniambia. Mtoto wangu ananiogopa. Nikimshika anapiga kelele. Nimemwambia, baba yake amemwambia, pasta amemwambia. Anasema ni wewe unajua. Njoo umwambie mimi ni mtu."

Nyanya aliweka kisu chini, akaniangalia. Mimi nilikuwa nikiangalia miguu ya Mama Mwenda, viatu vya kanisani vimejaa matope yetu.

"Si mimi nanuka?" nikasema.

Nyanya akavuta pumzi. Mama Mwenda akafunga macho.

"Nilikosea," akasema.

"Sikusikia."

"Kagendo!" nyanya akanikemea.

"Nilikosea, mtoto wangu. Nilikosea mbele ya watu. Tafadhali twende."

Nilimfanya aseme mara mbili. Katika miaka yangu yote sijawahi kupewa kitu kitamu kama kile, na sijawahi kukionea aibu kitu kingine kama hicho.

Tulienda. Kendi alikuwa kitandani, uso umeelekea ukuta. Mamake alileta sahani ya mukimo wa viazi na mahindi, akaketi chini sakafuni, mahali tulipokuwa tukikaa sisi watoto, akaanza kula kwa mkono. Alikula haraka, akimeza kwa shida, machozi yakidondokea chakula. "Ona, Kendi. Ona nakula."

Kendi hakugeuka. "Anajua tumejua dalili," aliniambia mimi. "Ndiyo maana anakula."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mchezo ulikuwa umetoka mikononi mwangu.

"Kendi, niliyatunga," nikasema. "Yote. Mamako ni mtu wa kawaida tu."

"Unasema hivyo kwa sababu amekushika."

"Hapana. Niliyatunga kwa sababu alinifukuza. Aliniambia nanuka."

Akageuka. Alinitazama, na nikaona hofu inamtoka machoni kidogo kidogo. Sababu ilikuwa ndogo mno kuwa ya mizimu. Ilimbidi aiamini. Lakini kilichoingia mahali pa hofu kilikuwa kibaya zaidi kwangu.

"Lakini mimi," akasema, "si nilikuwa nakusimulia?"

Akanyoosha mkono, si kwangu, akachukua sahani kutoka kwa mamake. Alikula. Mama Mwenda alimshika mguu juu ya blanketi, akalia kwa sauti, na mimi nikatoka peke yangu bila mtu kuniambia nenda.

Jumapili iliyofuata Mama Mwenda alituma mtu aniite. Aliniwekea kigoda mbele kabisa, mbele ya mke wa chifu. Kilikuwa kipindi cha mwisho. Kendi aliponiona nimeketi, aliinuka, akaenda kukaa nje. Mpishi alimmaliza shemeji wa mwisho, akavua kitambaa, akarudi kisimani akitabasamu, na kila mtu akapiga makofi, hata wale waliokuwa wa upande wa kasisi. Nilikuwa nimepata nafasi nzuri kuliko wote, na niliona kila kitu, na nilikuwa nikisikiliza tu Kendi akitupa mawe madogo ukutani huko nje. Hakuwahi kunisimulia kitu tena. Mwaka uliofuata alihamishwa shule.

Watu huniuliza kama nilimsamehe mamake. Lile neno bado liko. Nikinyeshewa, hadi leo, hujinusa mkono wa sweta kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Sina hakika kwamba nimemsamehe, na Kendi, popote alipo, hana sababu ya kunisamehe mimi. Alinionyesha mahali alipomwamini mamake, na mimi nikapiga papo hapo.

Lakini lililonichukua miaka mingi zaidi kulielewa ni jambo la ile jioni, niliporudi kutoka kwao. Nyanya hakunigombeza. Alinipakulia viazi, akasukuma sahani mbele yangu, akaketi upande wa pili wa moto na mikono mapajani. Nikainua kijiko, na ghafla nikaikumbuka ile dalili. Nilirudi nyuma chakula kwa chakula, kama Kendi, na sikumwona akila. Hata mara moja.

"Nyanya," nikasema, "wewe umekula?"

"Mimi nimeshiba," akajibu. "Kula wewe."

Nilimtazama kwa hofu hadi nikamaliza sahani yote. Sikufikiria kuinuka nikachungulia ndani ya sufuria, nione kama kulikuwa kumebaki kitu.