Maji Yaliyozidi Usafi

Mama Pacha, mtunzaji wa matangi katika duka la samaki wa mapambo la wifi yake, alipowasha taa asubuhi alienda moja kwa moja kwenye tangi la kona. Lile tumbawe hai la kijani alilipokea likiwa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akalilea hadi likajaa kiganja. Sasa limepauka, vinywa vyake vimefumba. Wifi alishasema likizidi kufifia linatupwa, lisije likaoza na kuwaponza wenzake.

Kabla ya kulisha samaki akachota maji, akadondoshea dawa za kupimia virutubisho viwili, akainua vichupa dirishani mbele ya karatasi nyeupe. Cha naitreti kiliiva wekundu. Cha fosfeti hakikubadilika hata kidogo. Akapima tena. Vilevile.

Wifi akaingia na ndoo. Kwake kila ugonjwa dawa yake ni kubadilisha maji. Nyumbani walimtania kwamba hata homa ataitibu kwa ndoo na dekio. Aliposikia naitreti iko juu, akainama kuchukua mpira wa kutolea maji.

"Ngoja, wifi. Usiitazame hiyo peke yake, itazame na mwenzake. Fosfeti hakuna kabisa."

"Si ndiyo usafi wenyewe?"

"Ndiyo njaa yenyewe. Tumbawe hula vyote viwili kwa pamoja. Una unga debe zima, maji ya kukandia huna. Unga utapungua vipi? Utakaa tu, uonekane mwingi."

Wifi akacheka, akasema huyu tangu aolewe kila jambo hulipeleka jikoni. Lakini ndoo akaiweka chini.

Ndipo wakakumbuka. Mwani ulipowavamia, walitia kwenye chujio mfuko wa chembechembe za kunyonya fosfeti. Mwani ukaisha, mfuko ukabaki unanyonya. Na kila wiki walipoosha chujio, waliurudisha mahali pake kwa heshima zote.

Mama Pacha akautoa. Akaongeza chakula cha samaki kidogo kidogo huku akipima, maana fosfeti ikirudi kwa kishindo nayo ni balaa. Naitreti ikaanza kushuka yenyewe. Tumbawe likageuka kahawia kwanza, wifi akaguna. Akaambiwa hiyo ni shibe ya mwanzo, kijani kinakuja.

Kilikuja. Vinywa vilipofumbuka, mteja mmoja akauliza bei. Wifi akamjibu kwamba hilo haliuzwi, lina mama yake.