Maswali Matatu ya Mama Maswali

Fundi alikuwa na mikono, maneno alikuwa nayo mkewe. Ndivyo duka lao la kutengeneza kompyuta lilivyokwenda kwa miaka kumi na tisa. Mteja akija na mashine mbili, kuukuu na mpya, akitaka leseni ya mfumo unaoendesha kompyuta itoke huku iende kule, Fundi hagusi kitu mpaka mkewe amalize kuuliza. Leseni ni yako wewe, au ilikuja na mashine? Picha na nyaraka umeshahamisha? Na la mwisho, akimtazama mtu juu ya miwani: "Kuna ulichoandika humu ambacho hukukihifadhi popote?"

Hilo la tatu liliokoa watu wengi. Wateja walimpachika jina la Mama Maswali, na wapo waliomtania kuwa hata polisi hawaulizi namna ile. "Polisi wana nafasi ya kukosea," aliwajibu. Akisharidhika, alikata utepe wa kijani na kuubandika kwenye mfuniko wa mashine kuukuu. Fundi akiona utepe, anaanza. Asipouona, anakunywa chai yake.

Kwenye kufuta ndiko Fundi alikojipatia sifa, bwana. Wapo mafundi mtaani waliotawanya leseni moja kwenye mashine tano bila hata kupepesa macho. Yeye hapana. Leseni ikishahamia kwenye mpya, ile kuukuu ibaki tupu, na diski aliifuta mara tatu. "Nikifuta mimi, hata mimi mwenyewe sirudishi," alijigamba, na ilikuwa kweli.

Mama Maswali alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, sasa ni miezi minne. Wiki zake za mwisho alizimaliza kitandani na laptopu yake mapajani, feni yake ikinguruma kuliko kifua chake. Kusema kulikuwa kunamchosha, basi alimwandikia binti yao wa pekee, aliyekuwa shule ya bweni. Kila siku neno moja au mawili, kwenye vile vijikaratasi vya manjano ambavyo kompyuta inavibandika juu ya skrini. Siku ya mazishi binti alisoma viwili, akashindwa, akaifunga laptopu. "Nitavisoma nikiweza, baba," alisema.

Sasa binti alikuwa anaenda chuoni. Laptopu ya mama ilikuwa inajizimia yenyewe, kwa hiyo Fundi akamtafutia nyingine, nzima kabisa ila haina leseni. Leseni ya mama ilikuwa yake halali, aliyoinunua mwenyewe, na iliruhusiwa kuhama.

"Hamisha na vya mama vyote," binti alisema asubuhi ile akitoka. "Nadhani sasa nitaweza."

"Ondoa shaka, mwanangu."

Akakaa na kazi. Alinakili nyaraka, akanakili picha, hata sauti za kwaya ambazo mkewe hakuwahi kuzisikiliza. Mafaili elfu nne na kitu. Aliyaona yakipita akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha mkono wake ukaenda kwenye droo, ukakata utepe wa kijani, ukaubandika. Alipoinua macho aliuona utepe, na alipouona akaanza kufuta.

Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapiga simu ya kuthibitisha leseni. Sauti ya mashine ikamuuliza leseni hii iko kwenye kompyuta ngapi. Akabonyeza moja, kwa haki kabisa, na ile sauti ikamshukuru.

Binti alirudi alasiri. Alivuta stuli ya mama yake, akafungua laptopu mpya, akangoja. Skrini ilikuwa ya buluu, safi.

"Baba, vijikaratasi viko wapi?"

Fundi aligeukia mashine kuukuu yenye utepe. Vijikaratasi havikai na nyaraka, vina mahali pake vimejificha, na yeye analijua hilo vizuri. Amewahamishia watu mamia. Lakini kila mara alivihamisha kwa sababu mkewe alikuwa ameuliza, na mteja akasema ndiyo, vipo.

"Si wewe fundi? Virudishe basi."

"Nimeifuta mara tatu, mwanangu." Binti alikuwa amekulia dukani mle, majigambo ya baba yake alikuwa anayajua kwa moyo. Alinyanyua laptopu kuukuu, akaugusa utepe.

"Nani alibandika hii?"

"Mimi."

"Na maswali aliuliza nani?"

Fundi alilia hapo hapo, mlango wa duka ukiwa wazi, watu wakipita. Alipoweza kupumua alichukua kalamu na kitabu cha risiti, akageuza ukurasa upande usioandikwa.

"Vile viwili ulivyovisoma. Niambie niviandike, tubaki navyo."

"Cha kwanza kilisema sweta langu la kijivu liko chini ya godoro lake, alikuwa analivaa yeye."

Akaandika. "Na cha pili?"

Binti aliukunjakunja ule utepe.

"Nilidhani anatania, baba. Kilisema, baba yako ana mikono tu. Akitaka kufuta chochote, muulize wewe."